Kujibu Kabla ya Kusikia

Maandiko: Mithali 18:13; Yohana 9:18–23



Somo hili nimelichelewesha kwa wiki tatu, na sababu ni kwamba linaanza na kosa langu mwenyewe. Wale mliokuwa ibada ya pili siku ile nilipofundisha juu ya familia mtakumbuka niliingia kidogo kwenye habari ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao. Haikuwa kwenye noti zangu, ilinijia tu. Nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba huo ni ugonjwa wa akili, na hata madaktari zamani walijua hivyo. La pili, kwamba madaktari wa Marekani waliufuta kwenye kitabu chao bila kupata ukweli wowote mpya, ila waliogopa makelele ya watu, wakapiga kura. Nikauliza, "Tangu lini ugonjwa ukaisha kwa kura?" Mkacheka, mkapiga makofi. Na mimi nikafurahi. Mhubiri akishapigiwa makofi hajiulizi maswali mengi.

Baada ya ibada, mama mmoja wa hapa kwetu akanisubiri pale kwenye ngazi mpaka watu wakaisha. Amenipa ruhusa niandike, na nimebadilisha mambo machache ili asijulikane. Akaniambia, "Pasta, umesema ni ugonjwa. Sasa dawa yake iko wapi? Kwa sababu mimi nimetafuta."

Kumbe alikuwa ametafuta kweli. Kijana wake yuko chuo, mwaka wa pili. Mama alipojua habari zake, alimpeleka kwa mtumishi mmoja mji mwingine, akafungiwa siku 21 za maombi, uji mara moja kwa siku. Akarudi amekonda, lakini ni yule yule. Halafu akapatikana mtu anayejiita mshauri, anayelipwa kila mkikutana naye. Ng'ombe wa maziwa akauzwa, mkopo wa chama ukachukuliwa. Sasa kijana hali vizuri, halali, na hazungumzi na mtu nyumbani. Halafu yule mama akainamisha kichwa, akauliza lile swali lingine kwa sauti ya chini: "Ama ni mimi nilimlea vibaya?"

Katika mazungumzo yote hayo, hakulitaja lile jambo kwa jina lake hata mara moja. Alisema "ile shida" na "hayo mambo".

Sikuwa na jibu. Digrii yangu ni ya biashara, si ya udaktari. Nilimwambia anipe muda, nikaenda kusoma ile historia niliyokuwa nimeizungumzia kwa ujasiri mbele ya watu wote. Ninayowaandikia ni yale niliyoyakuta, na niseme ukweli, mengine sikupenda kuyakuta.

Mama mwingine, mwaka wa 1935

Mwaka wa 1935 mama mmoja Mmarekani alimwandikia barua Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa Vienna, juu ya mtoto wake wa kiume. Freud hakuwa mtu wa Mungu, tena hakuficha hilo, lakini jibu lake lilinisimamisha. Kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba yule mama hakuwa ameliandika lile neno popote katika barua yake. Akamjibu kwamba si jambo la kuonea aibu na haliwezi kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Yeye mwenyewe alidhani ni aina ya ukuaji uliosimama njiani, kwa hivyo msidhani alikuwa na mawazo ya leo. Lakini kuhusu kumbadilisha yule kijana, alikataa kutoa ahadi. Alisema matibabu yanaweza kumsaidia kupata amani kama ana vita ndani yake, awe amebadilika au hajabadilika.

Wanafunzi wa Freud kule Marekani waliiacha tahadhari hiyo. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa magonjwa hayo mwaka wa 1952, kiliiweka hali hii humo, katika kundi la watu ambao tabia yao imeharibika kiasi cha kutopatana na jamii. Toleo la pili, la 1968, likaibakisha likiibadilishia kundi tu. Kuna madaktari waliofikiri wanafanya huruma: afadhali mtu aitwe mgonjwa kuliko aitwe mhalifu.

Lakini ukishaandikwa mgonjwa, utatibiwa utake usitake. Watu walipigwa shoti za umeme huku wakionyeshwa picha. Wengine walidungwa dawa za kuwatapisha, ili mwili ujifunze kuchukia. Uingereza ilikuwa na Alan Turing, yule mtaalamu wa hesabu aliyesaidia kufungua siri za jeshi la Wajerumani wakati wa vita. Mwaka wa 1952 alihukumiwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamume. Akapewa achague kati ya jela na homoni za kumpunguza nguvu za kiume, akachagua homoni. Juni 1954 alikutwa amekufa kwa sumu ya sayanidi, na uchunguzi ukasema alijiua. Alikuwa na miaka 41. Serikali yao iliomba radhi mwaka wa 2009, na msamaha wa kifalme ukaja 2013. Mtu alikuwa ameshalala kaburini karibu miaka 60.

Dawati la malalamiko

Hapa sasa naingia kwenye eneo langu. Kabla sijaingia huduma nilifanya kazi kwenye kampuni fulani, na mwaka wangu wa kwanza bosi aliniagiza nimletee ripoti ya wateja wanatuonaje. Nikachukua njia ya mkato. Nikakaa siku nne kwenye dawati la malalamiko na kujaza fomu. Ripoti yangu ikasema karibu kila mteja ametuchoka. Bosi akauliza swali moja tu, "Na wale wasiokuja kulalamika umewauliza?" Niliona aibu mpaka leo naikumbuka rangi ya ile fomu.

Ndivyo madaktari wale walivyofanya, lakini wao kwa miaka mingi na kwa maisha ya watu. Waliokuwa wamewachunguza ni wale waliokuja kliniki wakiwa wamevunjika, waliofungwa jela, au walioletwa na jamaa zao. Mwaka wa 1962 daktari Irving Bieber na wenzake walitoa kitabu kilichosifiwa sana wakati huo. Walilinganisha wanaume 106 wa hali hii na wengine 100 wasio nayo, wakasema chanzo ni mama anayemshika mtoto sana na baba aliye mbali. Lile swali la mama yetu pale kwenye ngazi, "ni mimi nilimlea vibaya?", lilitembea dunia nzima likiwa limevaa miwani ya utafiti. Lakini angalia hao wanaume 106 walitoka wapi. Wote walikuwa wagonjwa waliokuwa tayari kwenye matibabu ya akili. Ni dawati la malalamiko tu.

Mtu aliyetoka nje ya dawati alikuwa mwanamke, Evelyn Hooker, mwanasaikolojia aliyefundisha huko Los Angeles. Mwanafunzi wake wa zamani alimtambulisha kwa marafiki zake, watu wenye kazi na nyumba zao, kisha akamsukuma awachunguze watu kama wao, ambao hawajawahi kwenda kwa daktari wa akili. Alipata pesa za utafiti kutoka serikalini, katika miaka ambayo mtu aliweza kupoteza kazi kwa kushukiwa tu. Akatafuta wanaume 30 wa hali hiyo ambao hawakuwa kwenye matibabu wala jela, na 30 wasio nayo, akiwapanga wawili wawili kwa umri, akili na masomo yao. Wengi aliwahoji nyumbani kwake, ili wasionekane wakiingia ofisini. Akawapa vipimo vilivyoheshimiwa na kila mtu wakati ule, kama ile karatasi ya madoa ya wino ambayo mtu anaulizwa anaona nini.

Kisha majibu akayaondoa majina na kuwapelekea wataalamu watatu mabingwa wa vipimo hivyo. Wataalamu hawakuambiwa nani ni nani. Waliopewa kazi ya kuwatenganisha hawakuweza kufanya vizuri kuliko mtu anayerusha shilingi hewani. Kwa afya ya akili, karibu theluthi mbili ya kila kundi walionekana wako sawa au zaidi ya sawa. Makundi yote mawili. Mmoja wa wataalamu hao alikuwa Bruno Klopfer, jina kubwa kabisa kwa kipimo cha madoa. Hooker alisoma matokeo mbele ya wenzake Chicago mwaka wa 1956, na yakachapishwa 1957.

Watu 30 ni wachache, nakubali, na mhadhiri wangu wa takwimu angesema hivyo. Lakini madai yaliyokuwepo hayakuwa kwamba baadhi ni wagonjwa. Yalikuwa kwamba hali yenyewe ni ugonjwa, kwa kila aliye nayo. Dai la namna hiyo halihitaji maelfu ya watu kulianguka. Na tafiti nyingine zilifuata.

Ile kura

Sasa tuje kwenye ile kura mliyoicheka pamoja nami.

Ni kweli kulikuwa na makelele. Mwaka wa 1970 watu waliingia kwenye mkutano wa madaktari hao San Francisco, wakavuruga vikao wakidai wasikilizwe. Sitaficha hilo, lilikuwepo. Mwaka wa 1972, kwenye mkutano wa Dallas, kikaitishwa kikao ambacho kila anayesoma historia hii anakikumbuka. Mmoja wa wasemaji alikuja amevaa barakoa ya mpira, nywele za bandia na suti kubwa isiyomtosha, na maikrofoni iliyobadilisha sauti yake. Alijiita Daktari H. Asiye na Jina. Akawaambia wenzake kwamba yeye ni daktari wa akili kama wao, na kwamba yeye ni mmoja wa wale wanaowaita wagonjwa. Alikuwa anaitwa John Fryer, wa Philadelphia, na alijificha kwa sababu alikuwa ameshapoteza nafasi ya mafunzo kwa ajili ya jambo hilo hilo. Hakujitangaza hadharani mpaka 1994, miaka 22 baadaye. Kitu kilichonigusa ni kidogo tu: huyu Fryer alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na aliifanya kazi hiyo miaka 30. Jumapili alikuwa anawapa watu sauti ya kuimba, na siku ya kusema habari zake mwenyewe ilibidi aibadilishe sauti yake.

Baada ya hapo chama kiliunda kamati, na daktari aliyeandaa maelezo alikuwa Robert Spitzer. Alifanya kitu ambacho watu wa biashara tunakiheshimu: kabla ya kubishana, alitaka kwanza maana ya neno. Ugonjwa wa akili ni nini? Akaona hali inayoitwa ugonjwa inapaswa kumletea mtu mateso yenyewe kama kawaida yake, au kumfanya ashindwe kuishi na kufanya kazi na watu. Kwa kipimo hicho, na kwa ushahidi uliokuwa mezani, ukiwemo ule wa Hooker uliokaa miaka 16, hali hii haikufika. Tarehe 15 Desemba 1973 bodi ya chama iliamua kuiondoa: 13 walikubali, hakuna aliyekataa, wawili hawakuchagua upande.

Na ile kura kubwa? Hapa ndipo niliposhika kichwa. Walioiitisha ni wale waliopinga uamuzi! Bieber na daktari mwenzake Charles Socarides waliongoza kukusanya sahihi ili wanachama wote waulizwe, wakiamini watashinda. Aprili 1974 matokeo yakatoka: 5,854 walikubaliana na bodi, 3,810 walikataa. Yaani asilimia 58 kwa 37. Kwa hivyo mimi nilisimama mimbarini nikawalaumu walioshinda kwa kupiga kura iliyoitwa na walioshindwa. Niliyasikia hayo mahali, yakanipendeza, nikayabeba. Sikuwa nimeyasoma.

Je, makelele yalisaidia? Naona yalisaidia kufungua mlango. Lakini kilichoingia kwa mlango huo ni ushahidi uliokuwa umeachwa nje kwa muda mrefu. Na mabadiliko hayakumalizika siku moja. Walibakisha jina la ugonjwa kwa wale ambao hali yao inawasumbua wenyewe, na hilo nalo likatolewa kwenye mwongozo wa 1987. Shirika la Afya Duniani lilifuata tarehe 17 Mei 1990.

Nisisitize jambo moja hapa, kwa sababu najua wengine mmeanza kukunja uso. Katika maelezo yao ya 1973 madaktari hao waliandika wazi kwamba hawatoi hukumu kama hali hii ni njema sawa na ile nyingine. Walisema tu si ugonjwa. Hawakuja kutufundisha dhambi ni nini, na hawakuombwa.

Mzee aliyeomba msamaha

Huyo Spitzer hadithi yake haikuishia hapo. Mwaka wa 2001 aliwasilisha utafiti mpya, ukachapishwa 2003, wa watu 200 waliosema wamebadilika kwa msaada wa huduma za kikristo au washauri. Akasema baadhi yao walikuwa wamebadilika kweli. Makanisa yalifurahi sana. Fikirieni, mtu yule yule wa 1973! Hata mimi nilikuwa nimeusikia utafiti huo kwenye semina moja, ukiletwa kama neno la mwisho.

Lakini angalia alivyoufanya. Wengi wa watu hao waliletwa na huduma na washauri wale wale waliodai kuwabadilisha. Kila mmoja alihojiwa kwa simu, mara moja, chini ya saa moja. Hakukuwa na njia ya kujua nani anasema kweli, nani anajidanganya, nani anasema analotamani liwe. Yaani mara hii alienda dawati la pongezi badala ya la malalamiko. Ni kosa lile lile.

Mwaka wa 2012, akikaribia miaka 80 na akiugua ugonjwa wa kutetemeka, Spitzer aliandika barua kwenye jarida lililokuwa limechapisha utafiti wake. Alikubali kwamba utafiti haukuweza kuthibitisha alichodai, akawaomba radhi watu wa hali hii, na hasa wale waliopoteza muda na nguvu wakitafuta kubadilishwa kwa sababu walimwamini yeye. Alifariki 2015. Nilipoisoma habari hii usiku nilimfikiria yule ng'ombe wa maziwa.

Mwaka uliofuata barua hiyo, Juni 2013, huduma kubwa kuliko zote za kikristo za kuwabadilisha watu hawa, Exodus International ya Marekani, ilifungwa baada ya miaka 37. Hawa si madaktari, hawa ni ndugu zetu katika imani. Kiongozi wake, Alan Chambers, yeye mwenyewe mwenye mke na watoto, alikuwa ameshasema kwamba karibu wote aliokutana nao hawakubadilika mvuto wao. Akaomba msamaha kwa maumivu waliyosababisha. Wapo wanaosimama na kushuhudia kwamba wao walibadilika, na sitamwita mtu yeyote mwongo juu ya maisha yake. Lakini shuhuda za wachache hazinipi ruhusa ya kumwahidi mama mwingine, na hasa si kwa malipo.

Watu wa kawaida nao walibadilika kufuatia hayo, japo polepole. Mwaka wa 1996 kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani kama ndoa za jinsia moja zitambuliwe na sheria, na asilimia 27 wakakubali. Mwaka wa 2015, mwaka ambao Mahakama ya Juu yao iliziruhusu nchi nzima, walikuwa 60. Kwetu hesabu ni nyingine. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho tulikirithi kutoka kwa Waingereza, kingali sheria, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Shirika la Pew liliwauliza Wakenya mwaka wa 2002 kama jamii ikubali hali hii: mmoja kwa mia akasema ndiyo. Mwaka wa 2019 walikuwa 14 kwa mia. Bado ni wachache sana, lakini hao 14 wako pia kwenye viti vyetu, na watoto wa shule ya Jumapili wa juzi wako kati yao. Tukiwaambia kitu ambacho wanaweza kukichunguza kwenye simu kabla ya sadaka kupita, na wakute si kweli, watatuamini vipi tunapowaambia kaburi lilikuwa tupu?

Koti la daktari

Mafundisho ya kanisa letu juu ya ndoa mnayajua. Mchungaji mkuu ameyafundisha, yako kwenye kile kijitabu cha washirika wapya, na sikuja kuyabadilisha kwenye ukurasa huu. Ninachosema ni kwamba tuyafundishe kama imani, kutoka kwenye Biblia, tukiwa tumevaa nguo zetu wenyewe. Mimi nilivaa koti la daktari ambalo si langu. Nilitaka sayansi initetee, na sayansi ilikuwa imeshaondoka pale mahali miaka 50 iliyopita. Mithali 18:13 inamzungumzia mtu anayejibu neno kabla hajalisikia, na inaita jambo hilo upumbavu na aibu. Siku zote nilidhani aya ile ni ya watu wa mitandaoni.

Na kuna ugonjwa kweli katika nyumba ya yule mama, ila si ule nilioutaja. Kijana asiyekula, asiyelala, asiyesema, amekaa hivyo miezi, huyo anaweza kuwa na sonona. Sonona ina dawa, ina wataalamu, na inaua ikipuuzwa. Mzazi ukisikia mtoto anasema afadhali asingekuwepo, usingoje kesha la Ijumaa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, halafu tupigie simu tuje tuombe tukiwa huko huko kwenye benchi.

Katika Yohana 9, baada ya yule kipofu kufunguliwa macho, wakubwa wa dini waliwaita wazazi wake kuwahoji. Sehemu hii huwa tunaipita haraka. Wazazi waliogopa, kwa sababu ilikuwa imeshakubaliwa kwamba atakayemkiri Yesu kuwa Kristo atatengwa na sinagogi. Wakajibu kidogo tu, kisha wakasema yeye ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikiwa upande wa kipofu. Wiki hizi nimeisoma nikiwa kwenye kile kiti cha wanaohoji, nikimwangalia mama aliyesimama kwenye ngazi akiogopa kutaja neno.

Yeye ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Sikuwa nimemuuliza.

Basi Jumanne iliyopita, jioni, nikaenda. Mama akanipokea, akaanza kunieleza tena mambo ya yule mshauri, anadai deni la mwezi uliopita. Nikamwambia asilipe tena hata shilingi, na juu ya lile swali lake la malezi nikamwambia waliomtengenezea hatia hiyo hawakuwahi kuwachunguza akina mama walio nje ya kliniki. Alilia kidogo. Halafu akamwita kijana.

Alikuja na chai, akakaa mbali, karibu na mlango. Tulizungumza juu ya masomo yake, juu ya fundi aliyeharibu redio yao, kidogo kidogo. Amekubali kwenda hospitali na mama yake Alhamisi, na mimi nitawapeleka. Nilipokuwa nakaribia kuondoka ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Pasta, ile siku nilikuwa kanisani. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na spika." Akanyamaza. "Kila mtu alicheka. Sasa haya unayoniambia hapa sebuleni, utayasema pia kule mbele?"

Nikamwambia nitaanza na hii karatasi ya wiki, kwa sababu inafika hata kwa wale ambao hawakuja. Jumapili tarehe mbili nina ibada ya pili. Mchungaji mkuu amesoma ukurasa huu na ameniruhusu dakika kumi kabla ya neno.